Mbinga kwa Jina la Kilimanjaro: Siku Kumi na Moja za Mama Yenu Japani

Siku ya 1, Jumapili. Mbinga, Songea, Dar

Wanangu, mliniona napanda gari alfajiri na mabegi mawili, na nyote mkadhani lile kubwa ni la nguo. La nguo ni lile dogo. Kubwa lina kahawa ya chama chetu cha wakulima, sampuli za kuonyesha na kuonjesha wanunuzi Tokyo: vifuko 40 vya gramu 300 kila kimoja, kahawa safi iliyokwisha kukobolewa, daraja AA, A na PB (ile ya punje za duara), kila kifuko kina namba ya kundi lake niliyoiandika kwa mkono. Kilo 12 za kahawa dhidi ya kilo 6 za nguo. Bibi yenu alipoinua begi kulipima alisema mwanamke anayesafiri na mzigo wa namna hii ama anahama, ama ana akili zake. Nikamwambia mama, hapa pana vyote viwili.

Baba yenu alininyamazia njia nzima hadi tulipokaribia Songea, ndipo akauliza: "Sasa wakikunyang'anya hiyo kahawa uwanjani?" Nikamwonyesha cheti cha afya ya mimea, chenye mhuri, ndani ya bahasha ya plastiki, ndani ya mkoba, ndani ya kanga. Akacheka. Ndege ya Dar ilichelewa kidogo. Nimelala kwa mama yenu mdogo, Tabata. Joto la huku sijalizoea tena.

Siku ya 2, Jumatatu. Dar, Addis Ababa

Jioni nimepanda ndege ya Addis. Kwenye uwanja wa Addis kuna mama mmoja amekaa kwenye kigoda, mbele yake nyasi mbichi zimetandazwa sakafuni, anakaanga kahawa, anatwanga, anaipika kwenye birika la udongo lenye shingo ndefu, huku ubani unafuka. Nikanywa vikombe viwili. Wenzetu hawa kahawa ni yao kabla haijawa ya soko. Wanainywa wenyewe kwa wingi. Sisi Mbinga tunalima tangu enzi za babu zenu na asubuhi tunakunywa chai. Nimelifikiria hilo mpaka wakatuita kupanda.

Siku ya 3, Jumanne. Angani, Incheon, Narita

Safari ya Addis hadi Korea ni usiku mzima na nusu ya mchana. Pale Incheon tuliteremshwa, tukakaguliwa upya, tukarudishwa ndani ya ndege ileile. Tumetua Narita saa mbili usiku, nyumbani ikiwa saa nane mchana. Huku wametutangulia saa sita, kwa hiyo nikiwaandikia usiku wangu, ninyi ndiyo kwanza mnatoka shule.

Kabla ya forodha kuna meza ya ukaguzi wa mimea. Nikaenda mwenyewe bila kuitwa, maana mbegu yoyote mbichi inapita pale kwanza. Kijana aliyekuwa zamu alivaa glavu, akafungua vifuko kama sita hivi, akamwaga punje kwenye sinia jeupe, akazichungulia na lenzi akitafuta wadudu. Alizirudisha punje zote ndani ya kifuko, moja iliyodondoka akaiokota. Kisha akasoma cheti, akaliona neno Tanzania, uso ukafunguka: "Ah, Kirimanjaro!"

Nikamwambia, "No, no. Mbinga."

Akainama kwa heshima, akagonga mhuri, akanirudishia karatasi kwa mikono miwili. "Kirimanjaro," akasema.

Nilicheka ndani ya basi peke yangu. Sikujua kuwa nimekwisha kuambiwa habari yote ya safari hii.

Siku ya 4, Jumatano. Tokyo

Chumba changu kiko Ueno. Nikinyoosha mikono nagusa kuta mbili. Choo kina vitufe vingi kuliko redio ya babu yenu. Nilibonyeza kimoja kwa udadisi na sitawasimulia kilichofuata. Kiti chenyewe kina moto. Kitinda mimba, najua ndilo utakalokumbuka peke yake.

Treni ya Yamanote inazunguka katikati ya jiji kama mkufu, vituo 30, na ukipitiwa na usingizi itakurudisha ulipotoka. Asubuhi watu wamejaa humo na hakuna anayeongea. Hakuna anayepokea simu. Nilikumbuka daladala za Dar nikaona aibu, halafu nikazikumbuka tena nikazitamani.

Kwenye kila kona kuna mashine ya kuuzia vinywaji, na vinywaji vingi humo ni kahawa ya kopo. Kuna kampuni ya Kobe, UCC, iliyoingiza sokoni kahawa ya maziwa ya kopo mwaka 1969, na hadi leo watu wanainywa wamesimama kituoni. Nilinunua moja. Tamu mno. Nilitafuta kahawa yenyewe ndani ya ule utamu, nikaipata mwishoni kabisa, imejificha.

Shimbashi nikabadili treni, nikapanda isiyo na dereva, inayopita juu ya daraja kuelekea baharini. Nilikaa siti ya mbele kabisa kama mtoto. Ukumbi wa maonyesho unaitwa Tokyo Big Sight, paa lake ni piramidi zilizopinduliwa, ncha chini. Ndani ni kahawa na kahawa tu: mashine za kukaangia, vinu, vikombe, mizani, na nchi zote zinazolima. Brazili ina banda kama kanisa. Sisi tulikuwa na banda dogo, safi, na juu yake neno moja kwa maandishi ya Kijapani, herufi kubwa nyekundu. Nikamwuliza kijana wa Kitanzania anayesoma huku, ambaye alikuja kututafsiria, "Hapo pameandikwa Tanzania?"

"Hapana, mama. Pameandikwa Kilimanjaro."

Nikaweka vifuko vyangu vya Mbinga chini ya mlima wa watu.

Ndipo akanielewesha, na hapa naomba msome taratibu, maana baba yenu ataulizwa na wanachama. Japani kuna kanuni za kutaja majina ya kahawa kwenye pakiti. Kanuni hizo zinasema "Kilimanjaro" ni kahawa yoyote ya aina ya arabika iliyolimwa Tanzania. Si ya Moshi tu. Ya Mbeya, Songwe, Kigoma, ya kwetu Mbinga, zote zikifika huku ni Kilimanjaro. Wametoa sehemu moja tu: arabika ya Bukoba haimo. Msimwambie mwalimu wenu wa hesabu. Mhaya akisikia nchi nzima imeruhusiwa kujiita Kilimanjaro isipokuwa kwao, mtakosa masomo wiki nzima.

Nilijaribu kucheka na hilo, lakini lilinikaa. Mlima wenyewe nimeuona mara mbili maishani, nikienda Moshi kwa habari za mnada, na mara moja kati ya hizo ulikuwa umejifunika mawingu. Sisi tuko jirani na Ziwa Nyasa, mlima uko mpakani na Kenya. Ni mwisho mmoja wa nchi hadi mwingine.

Siku ya 5, Alhamisi. Big Sight

Kadi za biashara nilizochapisha Songea ziliisha jana saa tisa alasiri. Huku kadi ni kama salamu yetu ya shikamoo: usipoitoa, mazungumzo hayajaanza. Inatolewa kwa mikono miwili, maandishi yakimwelekea mpokeaji, na ukipokea yake unaisoma kwanza, huiingizi mfukoni papo hapo. Usiku nilikata karatasi ngumu nikaandika nyingine kwa mkono, jina, Mbinga, Tanzania, simu. Leo watu wamezitazama hizo za mkono kwa muda mrefu kuliko zile za kuchapwa. Baba yenu, usiagize nyingine kwanza.

Mchana alikuja mzee mmoja, suti ya kijivu, mwenye mgahawa wa kahawa wa kizamani, zile nyumba wanazoziita kissaten, zenye viti vya velveti na moshi wa miaka mingi ukutani. Anauza Kilimanjaro, alisema, kwa miaka 40. Akaonja yetu ya PB. Akaonja tena. Mara ya tatu akafumba macho. Kisha akauliza, kupitia kwa yule kijana: theluji ikiyeyuka, maji yake yanafika kwenye shamba lenu?

Ningefanya nini? Ningeweza kusema ndiyo. Mwenzangu wa banda alinikanyaga mguu kidogo. Nikamwambia ukweli, kwamba kwetu hakuna theluji, kuna vilima vimesimama kama migongo ya ng'ombe, kuna ukungu asubuhi, na kahawa iko karibu na nyumba kwa sababu samadi haibebeki mbali. Nikamchorea ramani nyuma ya kadi. Mlima huku juu, sisi huku chini. Aliitazama ramani ile, akaitazama kahawa, na nikaona kitu usoni mwake kama mtu aliyeambiwa kwamba rafiki yake wa miaka 40 ana jina lingine.

Akaniomba ile ramani. Hakununua kitu.

Siku ya 6, Ijumaa

Miguu imevimba. Watu wengi, kadi nyingi, hakuna la kusimulia. Kampuni moja ndogo ya kukaanga kahawa imeniita ofisini kwao Jumatatu, niende na vifuko vyote vilivyobaki.

Siku ya 7, Jumamosi. Ueno

Nimefua. Nimelala. Nimeingia dukani, duka la kawaida la chakula, nikasimama mbele ya rafu ya kahawa kama mwizi anayepanga. Ilikuwepo. Pakiti ya gramu 200, mbele mlima wenye theluji, na yale maandishi ambayo sasa nayatambua bila kufundishwa: ki-ri-ma-n-ja-ro. Lugha yao haina L. Nyuma, kwa herufi ndogo, kijana alinisomea kwenye picha niliyomtumia: asili, Tanzania. Bei yen 980.

Fanyeni hesabu, wewe mkubwa hasa, uache simu. Gunia moja ni kilo 60 za kahawa safi. Ukikaanga, uzito unapungua, hasa kwa maji yanayotoka. Chukua kwamba zinabaki kilo 50. Hizo ni pakiti 250. Mara 980. Ni yen 245,000, na yen moja ni kama shilingi 16 na ushei. Upande wetu wa hesabu mnaujua, daftari liko juu ya kabati. Sisemi tunaibiwa. Humo kuna meli, ghala, kukaanga, pakiti, duka, kodi na mishahara ya watu wa Tokyo. Ninachosema ni kwamba kwenye pakiti nzima mimi sikupata hata mahali pa kuweka kidole nikasema hapa ni sisi.

Nimeinunua. Naileta. Mtu asiifungue.

Siku ya 8, Jumapili. Yotsuya, Kappabashi

Misa nimesali kwa Wajesuiti, kanisa la Mtakatifu Ignasi, ibada ya Kiingereza. Wafilipino wengi, Waafrika kadhaa, mama mmoja wa Kongo tulitupiana Kiswahili mlangoni, chake cha Lubumbashi na changu cha Mbinga, tukaelewana kwa kucheka. Nimewaombea mitihani.

Baadaye nimetembea mtaa wa Kappabashi, ambako wenye mahoteli wananunua vyombo. Visu, masufuria, na madirisha mazima ya vyakula vya plastiki vinavyofanana na vya kweli hadi mate yanakutoka. Nimenunua vichungio viwili vya kahawa vya udongo mweupe, umbo la koni, vyenye mistari inayojipinda ndani. Ni vya chama, vya kuonjeshea wanachama kahawa yao wenyewe. Wewe uliyeomba simu: sijanunua simu.

Siku ya 9, Jumatatu. Shinjuku

Leo nimechelewa dakika 11, na naandika hili ili mjue mama yenu naye huchelewa. Stesheni ya Shinjuku ina milango zaidi ya 200. Niliambiwa toka mlango wa magharibi; nikatoka mlango wa magharibi; kumbe ipo magharibi zaidi ya moja. Nilizunguka na lile begi la kahawa kama mtu anayetafuta ndugu hospitali. Nilipofika, yule mwenye kampuni alikuwa amesimama nje kwenye jua, ananisubiri, na ndiye aliyeomba radhi kwa sababu maelekezo yake hayakutosha. Heri angenigombeza.

Chumba chao cha kuonjea ni kidogo kuliko jiko letu. Meza ya mviringo, vikombe vitano kwa kila kundi, kahawa iliyosagwa inapimwa kwa mizani, maji yasiyofika kuchemka. Dakika nne. Halafu unavunja ukoko juu kwa kijiko, pua karibu kabisa na kikombe, unanusa. Kuonja kwenyewe ni kufyonza kwa kelele, na wanangu, Wajapani wanafyonza! Tambi wanafyonza, chai wanafyonza, kahawa ndiyo usiseme. Ustadi nilioupata kwa miaka ya kugombezwa na bibi yenu mezani leo umenipa heshima.

Watu wanne walizunguka meza bila kusema neno, wakiandika. Kundi namba 7, lile la vilima vya juu, waliliwekea alama. Namba 12 wakaliacha mapema. Yule mwanamke kijana, mwonjaji wao mkuu, akaniuliza: hili namba 12 lilikaa kwenye gunia gani?

Nikasema gunia la kawaida.

"Kawaida lipi?"

Na hapo ndipo kikao kilipoanza kweli. Muda wa saa moja na nusu hatukuzungumzia ladha wala bei. Tulizungumzia magunia. Magunia ya juti hupakwa mafuta nyuzi zinaposokotwa. Yakiwa ni mafuta ya madini, harufu inaingia kwenye punje, na mwonjaji mzuri anaipata. Kuna yanayotengenezwa kwa mafuta ya mimea, maalumu kwa chakula, na wao wanataka hayo tu. Kisha wakafungua habari ya sumu za shambani. Tangu mwaka 2006 sheria yao inasema kiuatilifu chochote kisichowekewa kiwango chake chenyewe hakitakiwi kuzidi sehemu 0.01 kwa milioni. Nilifanya hesabu kwenye daftari langu mara mbili nikidhani nimekosea: ni gramu moja ndani ya tani 100. Wakanikumbusha ya Ethiopia, mwaka 2008, kahawa yao ilipokutwa na mabaki ya viuatilifu hapa bandarini. Ununuzi ukaporomoka, na wakulima wengi wa kule hata hawapulizi sumu kwenye kahawa. Kidole kilielekezwa kwenye magunia.

Nilijibu kwa ukweli kadiri nilivyoweza. Nikaeleza tunavyopambana na chule buni na kutu ya majani, aina mpya za miche zinazostahimili, na kwamba wenye miche ya zamani bado wanapuliza mrututu. Waliandika yote. Halafu mwonjaji akauliza, mkulima akivuna, kahawa ya maganda anaibeba nyumbani na nini?

Nikanyamaza kidogo. Kwa sababu niliviona, wazi kabisa, vile viroba vyeupe vya mbolea nyuma ya mlango wa stoo yetu. Yetu, si ya jirani.

Nikamwambia: wengine hubeba na viroba vya mbolea. Kijana aliyekuwa anatafsiri alinitazama kama kusema mama, una hakika? Nikasema tafsiri. Yule mwonjaji akaweka kalamu chini, akainama kidogo, akasema kitu kifupi. Amesema: asante, wote huwa wanatujibu kwamba kwao ni kusafi.

Wamechukua magunia 30 ya kundi namba 7. Kilo 1,800, yatakayoungana na mzigo wa mnunuzi mwingine kwenye kontena moja. Ni kidogo. Sampuli itatangulia, wataipima maabara, na isipopita hakuna biashara.

Mwishoni nikaliuliza nililokuja nalo. Jina. Mwenye kampuni alikuna kichwa. Kilimanjaro, alisema, inajiuza kabla mimi sijafungua mdomo. Mbinga nitatumia miaka kuieleza. Nikamwambia hata sisi tulitumia miaka kuipanda. Wakazungumza wao kwa wao. Akachukua karatasi, akaandika Kilimanjaro kubwa, na chini yake, ndogo, herufi nne. Mu-bi-n-ga. Hawawezi kuanza neno na "mb", kwa hiyo tumeongezewa irabu. Nimeinakili kwenye daftari. Ile ya tatu na ya nne zimenishinda kuzichora vizuri, nitazirudia usiku huu.

Siku ya 10, Jumanne. Kyoto

Hii siku si ya biashara, na nimeilipia kwa fedha yangu, baba yenu asione risiti akashtuka.

Mnakumbuka bibi yenu husimulia habari za Wajapani waliokaa vijijini kwetu miaka ya 1990, wakipima kwa kamba mashimo ya ngolo, yale ya miraba tunayochimba vilimani kushikilia udongo? Walikuwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto pamoja na wenzao wa Sokoine, Morogoro. Baadaye JICA, shirika la Japani la misaada ya maendeleo, wakaleta mradi, na ile mashine ya kusaga kwa maji ya Kindimba ni ya wakati huo. Yule kijana mwanafunzi alinitafutia mmoja aliyewahi kufanya kazi nao, sasa kastaafu, akakubali kunipokea.

Treni ya kasi ya Shinkansen ni saa mbili na dakika kama 15. Nilikata siti upande wa kulia ili niuone mlima Fuji. Nikauona. Mita 3,776, mweusi, hauna hata chembe ya theluji msimu huu, na abiria wote waliinua simu. Mama mmoja jirani aliponiuliza natoka wapi nikamwambia Tanzania, akasema, ndiyo, Kirimanjaro! Safari hii sikubisha. Nikamwambia wetu ni mita 5,895. Kumbe nikiutaka ni wangu.

Mzee alikuwa amesimama nje ya lango la stesheni na kofia ya pama. "Karibu sana, mama. Habari za Mbinga? Mvua zilikuwaje?" Kiswahili chake kina lafudhi ya kwetu kabisa, kile cha kuvuta mwisho wa neno. Nilisimama pale nikashindwa kujibu salamu. Siku kumi mtu hajaniuliza mvua.

Nyumbani kwake tulikaa chini. Akaniletea chai ya kijani. Kahawa, alisema, daktari amemkataza. Nikamwambia basi nimesafiri bure, tukacheka hadi mke wake akachungulia.

Aliuliza maswali ambayo Tokyo nzima haikuyauliza. Ntambo, yale maeneo ya vilima ya ukoo, bado zinagawanywa kwa wana, au vilima vimeisha? Vijana wanakubali kulima ngolo? Wanaume bado wanafyeka majani na kuyapanga miraba, na wanawake ndio wanafukia na kuchimba mashimo? Nikasema wanawake bado wanachimba, hilo halijabadilika. Ananikumbusha jinsi mambo yalivyokuwa katikati ya miaka ya 1990, soko lilipofunguliwa na ushirika wetu mkuu ukaanguka, mbolea ya mkopo ikakatika, watu wakaiacha kahawa ikawa kichaka na wakapeleka nguvu kwenye mahindi. Alikuwepo. Alikumbuka hata bei ya debe la maharage sokoni.

Kisha akasema jambo. Huko kwenye maonyesho uliwaambia nini kuhusu Mbinga? Nikasema vilima, ukungu, mwinuko. Akatikisa kichwa: kila mtu ana vilima na ukungu. Mbona hukuwaambia ngolo? Kilima kinachosimama vile, mvua kubwa vile, na udongo haujaenda mtoni kwa zaidi ya miaka mia. Sisi tulisafiri kutoka huku kwenda kujifunza hilo.

Nikamwambia ngolo ni ya mahindi na maharage, kahawa haimo. Akasema, na mwenye kahawa anakula nini?

Sikuwa na jibu. Chai yangu ilikuwa imepoa.

Alitoa albamu. Picha za rangi zilizofifia, kilima kizima kimepigwa mashimo kama sega la nyuki, wanawake watano wameinama na majembe. Hakujua tena ni kina nani. Mimi kilima nikakitambua kwa ule mwamba, watu sikuwatambua. Ndiyo ile picha niliyowatumia mchana, mkampelekee bibi.

Nimemsomea mzee jibu la bibi kama lilivyo: "Hicho ni kilima cha upande wa kina shangazi yenu. Hao wanawake siwajui, na wa pili kutoka kushoto shimo lake si la mraba." Mzee alichukua miwani, akaitazama tena picha ile ya miaka 30, na kweli, si la mraba. Akasema hakuwahi kuliona.

Kanipa nakala. Nimemwachia PB, gramu 300. Kasema atainusa.

Siku ya 11, Jumatano. Narita

Nasubiri ndege. Begi kubwa sasa lina vichungio viwili, ile pakiti, picha, biskuti za chai ya kijani ambazo najua hamtazipenda, soksi za baba yenu zenye vidole kama glavu, na fimbo ya kutembelea ya bibi inayokunjwa. Kitinda mimba, kalamu zako za rangi zipo.

Nitafika Songea Ijumaa mchana, baba yenu aje na gari, asimwachie yule dereva wa mara ile.

Kabla sijafika, mambo mawili. Mwambieni katibu wa chama asikubali kundi namba 7 litolewe kwenye ghala la kiwanda cha kukoboa kabla sijazungumza na wauza magunia. Akiulizwa kwa nini, aseme mama kasema. La pili ni letu sisi. Nyuma ya mlango wa stoo kuna viroba vya mbolea, kama 14 hivi, vimekunjwa. Vitoeni leo. Msivipeleke kwa jirani, maana atavitumia naye kahawa yake inaingia kundi lilelile. Na ile bomba ya kupulizia iliyotundikwa juu ya magunia, itundikeni bafuni kwa sasa. Bibi akilalamika kuhusu bafu, mpeni simu niongee naye.

Wanatuita kupanda.